Je, Kingekuwapo Hata Kama Hakuna Aliyeuawa? Kusoma Vielelezo vya Whitechapel, 1888

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa sheria, walimu wa historia na wasomaji wa kesi za kale. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana: asanteni kwa kuja, na poleni kwa joto la ukumbi huu.

Kati ya 31 Agosti na 9 Novemba 1888, Whitechapel na viunga vyake, mashariki mwa London, waliuawa wanawake watano ambao wachunguzi wengi wanaamini waliuawa na mtu mmoja: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Nawataja kwa majina yao kamili kwa sababu jina la muuaji ndilo limekula umaarufu wote, na hata hilo si lake. "Jack the Ripper" lilitoka kwenye barua ambayo maofisa wa polisi wenyewe walikuja kuamini kwamba iliandikwa na mwandishi wa habari.

Mliokuja kusikia ni nani aliyewaua, nawaomba radhi mapema. Sina jina. Nilicho nacho ni vitu: aproni ya ngozi, kipande cha bahasha, kitambaa chenye kiraka, birika lisilo na mdomo, nusu ya figo, shali. Kila kimoja kati ya hivi kuna mtu aliyekishika juu na kusema, "Hiki ndicho kinachomfichua." Jioni hii nataka tukiulize kila kimoja swali lile lile: je, kitu hiki kingekuwapo hapo hata kama hakuna aliyeuawa?

Tuanzie uani kwa nyumba namba 29, Hanbury Street, Jumamosi 8 Septemba. Saa zote nitakazotaja ni saa zetu za Kiswahili, msije mkapotea. Muda mfupi kabla ya saa 12 asubuhi, John Davis, mwendesha mkokoteni aliyepanga humo, alifungua mlango wa nyuma akamkuta Annie Chapman amelala chini, kati ya ngazi na uzio wa mbao. Polisi wakaitwa, Inspekta Joseph Chandler akafika. Na uani, karibu na bomba la maji, kuna aproni ya ngozi, imelowa chepechepe.

Sasa jiwekeni mahali pa Chandler. Siku zile magazeti yalikuwa yakipiga kelele juu ya mtu aliyebandikwa jina la "Aproni ya Ngozi", anayesemekana kuwanyanyasa wanawake wa mitaani. Mji mzima unamtafuta. Halafu maiti, na hatua chache tu kutoka kwenye maiti, aproni ya ngozi iliyooshwa. Nani hapa asingeruka?

Sasa sikilizeni maelezo ya mama wa nyumba hiyo. Amelia Richardson alikuwa na biashara ya kutengeneza makasha ya kufungashia bidhaa, na kazi ilifanyika humo humo, uani na katika chumba cha chini ya nyumba. Aproni ni ya mwanawe, John. Ilikuwa imekaa bila kutumika mpaka ikaota ukungu. Siku ya Alhamisi mama akaiosha bombani akaiacha pale pale. Ijumaa ikapita, Jumamosi asubuhi ikakutwa. Palipatikana pia kipande bapa cha chuma. Nacho mama alikitambua, ni cha kwenye soksi za ngozi za mwanawe. Nyumba ile ilikuwa na watu 17. Ukiingia katika ua wa watu 17 utakuta vitu vya watu 17, na muuaji ni mtu wa 18 aliyekaa humo dakika chache.

Lakini aproni ilikuwa imeshafanya kazi yake. Tarehe 10 Septemba Sajini William Thick alimkamata John Pizer, fundi viatu Myahudi, aliyetajwa kuwa ndiye mwenye lile jina. Nyumbani kwake wakakuta visu virefu. Fundi viatu asiwe na visu? Bahati yake, usiku wa kifo cha Nichols alikuwa upande wa Holloway, mbali kabisa, na alizungumza na polisi kuhusu mwanga wa moto mkubwa uliokuwa ukiunguza bandari. Akasafishwa jina mbele ya baraza la uchunguzi wa kifo. Mwanga wa moto ulimwokoa mtu ambaye kitu kilicholowa maji ya bomba kingeweza kumnyongesha.

Pale pale uani kulikuwa na kitu cha pili, na hiki nakipenda zaidi maana kilikuwa kizuri mno kwa mpelelezi: kipande cha bahasha chenye muhuri wa Kikosi cha Sussex cha jeshi la Uingereza, ndani yake vidonge viwili. Karatasi ya jeshi! Kwa hiyo muuaji ni askari? Chandler alifanya linalostahili. Alikwenda hadi kambini, akaulizia bahasha zile, akakuta kwamba zinauzwa tu, na raia yeyote angeweza kununua. Kisha akajitokeza William Stevens, mpaka rangi aliyelala katika nyumba ile ile ya kulala wageni ya Dorset Street alimokuwa akilala Chapman. Alisema kwamba muda mfupi baada ya saa 6 usiku, jikoni, alimwona Annie akitoa kisanduku cha vidonge, kisanduku kikavunjika mkononi mwake, naye akaokota kipande cha bahasha juu ya rafu ya mekoni akafungia vidonge vyake. Mwanamke mgonjwa wa mapafu, anaficha dawa zake. Basi. Jeshi lote la Sussex likatoka kwenye kesi kwa sababu mtu mmoja alikuwa jikoni anaangalia.

Na zile senti zilizosuguliwa zikang'aa, zilizopangwa miguuni pake, ambazo mmezisoma? Hazimo katika ushahidi wa Chandler wala wa daktari mbele ya baraza. Zimo magazetini. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Katika kesi hii, mara nyingi lisemwalo halipo. Kilichokuwa miguuni pake ni kipande cha kitambaa na vitana viwili, kimoja ndani ya mfuko wake wa karatasi.

Tusiondoke uani bado, kwa sababu mwili nao ni kielelezo, na huu ndio unaoleta ugomvi mkubwa kuliko yote: aliuawa saa ngapi?

Daktari George Bagster Phillips alifika karibu saa 12:30 asubuhi. Akaushika mwili, akauona umepoa isipokuwa ndani ya tumbo, chini ya matumbo, palipobaki joto kidogo. Kukakamaa kwa viungo ndiko kwanza kunaanza. Akasema amekufa kwa saa mbili au zaidi, yaani kabla ya saa 10:30 alfajiri.

Sasa pangeni mashahidi. John Richardson, yule mwenye aproni, alipita kati ya saa 10:45 na 10:50 kukagua kufuli la chumba cha chini. Akaketi kwenye ngazi ya nyuma, akakata kwa kisu kipande cha ngozi kilichokuwa kikimuumiza ndani ya buti, na hakuona maiti. Albert Cadosch, jirani wa namba 27, alitoka uani kwao kiasi cha saa 11:20 au 11:25, akasikia sauti ya mtu akisema "Hapana", na alipotoka mara ya pili akasikia kitu kikigonga uzio. Elizabeth Long alipita mbele ya nyumba wakati saa ya kiwanda cha bia inagonga saa 11:30, akamwona mwanamke aliyekuja kumtambua kuwa ni Chapman, akizungumza na mwanamume. Watatu hawa hawajuani, na wote watatu wanampinga daktari.

Nani amekosea? Watu wengi husema, "Daktari ni sayansi, mashahidi ni maneno." Ndugu zangu, sayansi gani? Phillips alipima kwa kiganja. Hakuna popote katika ushahidi wake anapotaja kipimajoto. Leo mchunguzi anapima joto la ndani la mwili, anapima joto la hewa, anakadiria uzito, anaangalia nguo, ndipo anatumia chati. Na pamoja na yote hayo anaacha nafasi ya makosa ya karibu saa tatu kila upande. Mwili wa Chapman ulikuwa na kila sababu ya kupoa upesi: tumbo limefunguliwa, damu nyingi imetoka, mtu amedhoofika kwa maradhi, amelala juu ya mawe asubuhi yenye ubaridi. Na Phillips mwenyewe aliyasema hayo! Aliliambia baraza kwamba asubuhi ilikuwa ya baridi kiasi, na kwamba mwili uliopoteza damu nyingi hupoa haraka. Tunaonukuu "saa mbili au zaidi" tunaikata sentensi yake nusu.

Hata hivyo, msiwape mashahidi ushindi wa bure. Mlango wa nyuma ulifunguka kuelekea kushoto, upande ule ule alikolala Chapman, na ulikuwa ukijirudisha wenyewe. Mtu akiketi ngazini huku mlango umemwegemea begani, je, anaona yaliyo nyuma yake? Richardson alisisitiza kwamba asingekosa kuona. Nami namwamini, kwa sababu ya miguu: alikuwa ameinama juu ya buti lake, na kutoka alipoketi hadi kichwa cha marehemu si mbali hata kidogo. Saa za Cadosch na Long zinapishana kwa dakika chache, jambo ambalo lisimsumbue mtu yeyote aliyewahi kulinganisha saa mbili za ukutani. Kwa maoni yangu Chapman aliuawa kati ya saa 11:20 na 11:40, kunakucha, na wachukuzi wanapita barabarani kuelekea soko la Spitalfields. Anayeshika "kabla ya saa 10:30" inabidi atupe mashahidi watatu ili aokoe kiganja kimoja.

Nipite haraka kwa Mary Ann Nichols, maana kwake vielelezo vilipotea kabla havijasomwa. Polisi walitoa amri mwili usiguswe. Wahudumu wawili wa chumba cha maiti, watu wa nyumba ya maskini ya serikali, wakauvua nguo na kuuosha hata hivyo. Kwa sababu hiyo mpangilio wa nguo ulibishaniwa mbele ya baraza, hasa korseti, vazi gumu la kubana kiwiliwili: ilikuwa imefungwa vipi, na ilifunika wapi? Hata damu: watu walipoona barabarani damu ni kidogo wakasema ameuawa kwingine akaletwa. Lakini konstebo aliyesaidia kuunyanyua mwili alichafuka mikono, kwa kuwa mgongo wa gauni ulikuwa umeinywa damu yote. Damu haikupotea, ilikwenda chini, kwenye nguo. Kutokana na hilo mnajifunza jambo la maana sana: mtu huyu alikuwa amelazwa tayari kabla shingo haijakatwa. Angekuwa amesimama, damu ingemwagika mbele, kifuani.

Na ukishajua amelazwa, ile hadithi ya muuaji wa mkono wa kushoto inaanza kuyeyuka. Daktari Llewellyn, aliyeuchunguza mwili, aliitoa mwanzoni. Kufikia Oktoba, ripoti ya polisi inasema yeye mwenyewe ana mashaka nayo. Uelekeo wa jeraha haukuambii mkono mpaka ujue mkataji alikuwa upande gani wa mwili. Kitu kilichosaidia kweli katika kifo cha Nichols kilikuwa kwenye sketi ya ndani: muhuri wa nyumba ya maskini ya Lambeth. Kwa muhuri huo wakampata mwanamke aliyemfahamu, na marehemu akarudishiwa jina lake.

Elizabeth Stride naye ana zabibu zake. Magazeti yaliandika kwamba mkononi mwake kulikuwa na zabibu. Muuza matunda mmoja akadai amemuuzia mwanamume aliyekuwa naye. Madaktari wawili waliokuwapo walisema mbele ya baraza: hakuna zabibu, wala mkononi wala kando yake. Mkono wa kushoto ulishika kikaratasi cha peremende za kunukisha kinywa. Mkono wa kulia ulikuwa na damu iliyoganda. Tieni mabonge meusi ya damu mkononi, giza, mshumaa, umati wenye hofu, muone kama hamtapata zabibu. Baadaye kikonyo cha zabibu kikaokotwa kwenye uchafu wa mfereji wa uani, wakati uani penyewe polisi walikuwa wameshapamwagia maji saa 11:30 alfajiri ile ile. Kitu kinachotoka mferejini baada ya kuoshwa kina ushahidi gani kuhusu mkono wa nani?

Sasa tufike kwenye kitambaa.

Usiku huo huo wa Jumapili 30 Septemba, dakika 44 baada ya Stride kukutwa, Konstebo Edward Watkins wa Polisi wa Jiji la London, kikosi cha kitovu cha kale cha mji peke yake, aliingia Mitre Square akamkuta Catherine Eddowes. Ilikuwa saa 7:44 usiku. Alikuwa amepita hapo saa 7:30, hapana kitu. Dakika kumi na nne. Figo la kushoto halipo, kizazi hakipo, na sehemu ya aproni yake nyeupe haipo.

Saa 8:55 usiku, Konstebo Alfred Long wa Polisi wa Metropolitan, kikosi kingine kilicholinda sehemu zilizobaki za London, aliona kitambaa kwenye mlango wa ngazi za majengo ya Wentworth, Goulston Street, yapata nusu kilomita kutoka Mitre Square. Pembe yake moja ilikuwa mbichi kwa damu. Juu yake, ukutani, kwa chaki nyeupe kwenye matofali meusi, kulikuwa na maandishi juu ya Wayahudi.

Tukiulize swali letu. Kingekuwapo hata kama hakuna aliyeuawa? Hapana. Hiki peke yake, kati ya vyote, hapana. Na tunajuaje? Hapa nataka mnisikilize vizuri. Daktari Frederick Gordon Brown alipoulizwa kuhusu damu ya kitambaa kile alisema haiwezekani kusema kuwa ni ya binadamu. Alikuwa mkweli: kipimo cha kutenganisha damu ya mtu na ya mnyama kilikuja mwaka 1901, na makundi ya damu yaligunduliwa mwaka huo huo. Alama za vidole? Ofisi yake huko Scotland Yard, makao makuu ya polisi, nayo ni ya 1901. Damu haikuwa na msaada. Kilichosaidia ni kiraka. Aproni ya Eddowes ilikuwa kuukuu, imetiwa kiraka cha kitambaa kipya zaidi, na mkato ulipita juu ya kiraka. Brown alichukua kipande kilichobaki mwilini chenye kamba yake, akachukua kile cha Goulston Street, akavikutanisha: mishono ya pande zote mbili ikaingiana. Sindano ya mwanamke maskini ilifanya kazi ambayo maabara yoyote ya mwaka 1888 isingeweza.

Mnyororo ulitimia kwa bahati nyingine. Tangu kiasi cha saa 2:30 usiku mpaka saa 7 Eddowes alikuwa mahabusu katika kituo cha Bishopsgate kwa ulevi. Konstebo aliyemkamata na konstebo aliyemfungulia mlango wote wawili walisema alikuwa amevaa aproni ile. Kwa hiyo tuna kitu kimoja kinachojulikana mahali pake saa 7 usiku, saa 7:44 na saa 8:55. Wanafunzi wa sheria, huo ndio mnyororo wa utunzaji wa kielelezo mnaofundishwa kuudai mahakamani, na katika kesi nzima hakuna mwingine kama huo.

Basi kinatuambia nini? Kwanza, njia. Muuaji alitoka katika eneo la Jiji akarudi mashariki, ndani ya Whitechapel, wakati polisi wanamtafuta huko huko. Mgeni anayekimbilia reli au magharibi hafanyi hivyo. Pili, matumizi. Upande mmoja ulikuwa na michirizi kama ya mkono au kisu kilichofutwa, tena kulikuwa na kilichoonekana kuwa kinyesi. Wapo wanaosema alibebea viungo. Huenda, lakini michirizi ni ya kufuta, nami sioni haja ya kuongeza kazi ambayo doa halijaionyesha.

Tatu, saa, na hapa ndipo watu wanapojenga nyumba juu ya mchanga. Long alisema alipita mahali pale saa 8:20 na kitambaa hakikuwapo. Akiwa sahihi, muuaji alikaa na kitambaa hicho zaidi ya nusu saa, au alikwenda kwake akatoka tena. Mpelelezi Daniel Halse wa Jiji alipita mtaa huo huo karibu saa ile ile, naye hakukiona. Lakini alikiri kwamba kilikuwa ndani ya jengo na asingelazimika kukiona. Long hakuwa na kitu cha kumfanya aangalie chini alipopita mara ya kwanza. Na ubichi wa damu hauamui kitu: kitambaa kilichokunjamana usiku wa baridi hubaki na pembe mbichi kwa saa moja na zaidi bila taabu. Kwa hiyo ukiniuliza muuaji alikuwa wapi kati ya saa 7:45 na 8:55, nitakujibu kwa njia aliyopita, si kwa dakika.

Na yale maandishi? Kitambaa kilidondoka chini yake, hilo ni kweli. Lakini rudini kwenye swali. Maandishi ya chaki kuhusu Wayahudi, mlangoni pa jengo lililojaa wapangaji Wayahudi, mtaa ambao chuki hiyo ilikuwa imepamba moto tangu siku za aproni ya ngozi: yangekuwapo hata kama hakuna aliyeuawa? Yangeweza. Halse alisema yalionekana ya karibuni. Herufi kubwa zilikuwa na kimo cha robo tatu ya inchi tu. Hebu fikirini: mtu anayeuachia ulimwengu ujumbe, anaandika kwa herufi fupi kuliko kidole gumba?

Hatuwezi kuyapima, kwa sababu yalifutwa. Sir Charles Warren, kamishna wa Polisi wa Metropolitan, alifika mwenyewe alfajiri na kuamuru yafutwe, kiasi cha saa 11:30, kabla mpiga picha hajapata mwanga. Halse alipinga. Kulikuwa na pendekezo la kufuta mstari wa juu tu. Warren aliogopa ghasia: ilikuwa Jumapili, siku ya soko la Petticoat Lane pale jirani, na maelfu wangepita. Wengi humcheka. Mimi simcheki kwa hofu yake, kwa kuwa wapangaji wa mle ndani wangeweza kuumia kweli. Namlaumu kwa blanketi. Polisi mmoja, blanketi moja kufunika ukuta, saa moja ya kungoja jua. Matokeo yake tunazo nakala za maofisa wawili zinazotofautiana mahali lilipokaa neno la kukanusha, na katika sentensi ile hilo ndilo linaloamua Wayahudi wanalaumiwa au wanatetewa. Mwili ulikuwa wa polisi wa Jiji, ukuta wa polisi wa Metropolitan, na mpaka kati yao ukapita katikati ya ushahidi.

Figo nalichukua kwa maneno machache. Tarehe 16 Oktoba George Lusk, mwenyekiti wa kamati ya wananchi ya ulinzi, alipokea kisanduku chenye nusu ya figo na barua. Daktari Thomas Openshaw wa Hospitali ya London alilitazama. Siku ya pili magazeti yakamnukuu kwamba ni la mwanamke mlevi wa miaka 45 hivi. Openshaw akakanusha: alichosema ni kwamba ni nusu ya figo la binadamu, limekatwa kwa urefu, limehifadhiwa kwenye spiriti. Figo halina umri usoni wala jinsia. Na katika mji wenye hospitali za kufundishia udaktari, figo lililo kwenye spiriti lingeweza kuwapo bila Mitre Square.

Kwa Mary Jane Kelly, Miller's Court, 9 Novemba, angalau tunayo picha iliyopigwa chumbani kabla mwili haujaondolewa. Polisi walisubiri nje mpaka saa 7:30 mchana wakitarajia mbwa wa kunusa ambao hawakufika. Ndani, Inspekta Frederick Abberline alikuta majivu mengi yenye mabaki ya nguo za kike, na birika ambalo mdomo wake umeyeyuka. Akahitimisha: moto mkali, muuaji alihitaji mwanga. Inaingia akilini. Lakini angalieni tofauti. Chumbani kulikuwa pia na kiko cha mwanamume. Abberline akamuuliza Joseph Barnett, aliyeishi na Kelly hadi 30 Oktoba, naye akajibu: ni changu, nilikuwa nikikivutia hapa. Kiko kikatoka kwenye kesi kwa swali moja. Na birika? Lilikuwa zima siku Barnett anaondoka? Katika ushahidi wa Abberline, habari za kiko zinatoka kwa Barnett. Za birika ni hitimisho lake mwenyewe. Baraza lilifungwa siku ile ile lilipofunguliwa.

La mwisho ni shali, kwa sababu najua ndilo swali lililoko mikononi mwenu. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba vinasaba kwenye shali ya Eddowes vimemtaja muuaji, kinyozi Aaron Kosminski. Mwaka 2019 makala ya kisayansi ikafuata. Vinasaba vilivyotumika ni vya mitokondria, vinavyorithiwa kwa mama peke yake. Hivyo vinaweza kumtoa mtu kwenye orodha; kumtaja mmoja kati ya maelfu wanaovishiriki haviwezi. Katika tangazo la 2014, badiliko lililoitwa 314.1C lilidaiwa kuwa adimu sana; wataalamu wakaonyesha kwamba ni kosa la kuandika 315.1C, ambalo zaidi ya asilimia 99 ya watu wa asili ya Ulaya wanalo.

Lakini hata bila maabara, chukueni orodha iliyoandikwa chumba cha maiti usiku ule ule. Ni ndefu, kila kitu alichokuwa nacho Eddowes kimo: kofia nyeusi ya majani, koti, sketi, hariri nyekundu iliyofungwa shingoni, viko viwili vya udongo, vipande sita vya sabuni, mkebe wa chai na mwingine wa sukari, glavu moja isiyo na mwenzake, pini na sindano ndani ya kitambaa chekundu, na mkebe wa haradali wenye stakabadhi mbili za rehani ambazo ndizo zilizomleta mwanamume aliyeishi naye kumtambua. Aliyeandika alihesabu mpaka vitambaa vikuukuu. Shali haimo. Simulizi inasema iliokotwa na sajini wa Polisi wa Metropolitan, ilhali mwili ulikuwa wa Polisi wa Jiji, na hakuna karatasi ya mwaka 1888 inayomweka sajini huyo Mitre Square.

Muda wangu umekwisha, na mwenyekiti ananiangalia. Orodha hiyo nimeichapa, nakala ziko mezani karibu na mlango. Maswali, karibuni, tuanze na dada pale nyuma ambaye ameinua mkono tangu kwenye zabibu.